Nywele Zako na Maji ya Nzuguni

Mwanangu Mariamu,

Hujui kusoma bado, kwa hiyo Bibi yako wa Kondoa amekubali kunitunzia barua hii mpaka utakapojua. Ameniuliza kama ni ndefu. Nimemwambia ndiyo. Akasema, "Basi ngoja nikachukue bahasha kubwa," kisha akacheka, maana hapa nyumbani hakuna bahasha ya aina yoyote.

Kesho asubuhi mnapanda basi. Sikuandikii habari za kula, kulala wala kuvaa sweta. Bibi yako amelea watoto wengi, mimi nimelea mmoja tu na bado najifunza. Shikamoo unaijua vizuri, hata mbuzi wa jirani umewahi kumwamkia. Nataka kukuandikia habari za nywele zako, kwa sababu ndicho kitu pekee ninachoweza kusema nimekijua mwenyewe, kwa kukosea, bila kuambiwa na mtu kwamba ndivyo mama anavyopaswa kujua.

Bibi alipofika jana, kabla hajanywa hata maji, aliingiza vidole kwenye nywele zako akasema, "Hizi tukifika tu tunazishusha kwa mkasi. Mtoto mdogo nywele za nini? Nani wa kuhangaika nazo?"

Mimi nilijibu, "Sawa, mama." Ningesema nini? Alikuwa ametoka kwenye basi miguu imevimba, amekuja kukuchukua wewe ili mimi nirudi shule. Ulipokuwa tumboni niliacha masomo kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Ulipoanza kutembea nikajiandikisha madarasa ya jioni, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nikafaulu. Sasa nimepangiwa kidato cha tano kwenye shule ya bweni, mkoa mwingine, na bwenini hakulali mtoto. Bibi yako wa hapa Nzuguni, mama yangu, kila msimu wa kilimo anahamia shambani Buigiri, na hawezi kukulea huku ameshika jembe. Baba yako yuko barabarani na malori, leo hapa kesho kule. Ndipo mama yake, huyu Bibi wa Kondoa, akapiga simu mwenyewe. Alisema, "Nileteeni mjukuu wangu. Huyo binti asome." Mtu aliyesema maneno hayo huwezi kumbishia habari ya mkasi.

Lakini tangu jana moyo wangu haujatulia. Najua nywele zikinyolewa zinaota. Ninachoogopa ni kurudi likizo na kukuta kichwa nisichokijua, nikawa mgeni anayekuja na biskuti na kuondoka. Nikuambie basi ninavyokijua kichwa chako.

Ulizaliwa na nywele laini zilizolala. Baba yako alipiga picha akawapelekea kwao, wakafurahi, wakasema ni singa za upande wao. Baadaye zikaanza kubadilika. Kisogoni zikajikunja kipilipili kama zangu. Juu zikawa na mizunguko mikubwa, ukiivuta ikiwa imelowa inafika mabegani, ukiiachia inarudi juu kama springi. Kichwa kimoja kikawa na nywele za nyumba mbili. Mimi nilizitazama sijui nianzie wapi.

Unajua kwa nini nilikuwa sijui? Tangu darasa la kwanza nilikuwa nanyolewa. Shule zetu wasichana wote tulikuwa vipara, na mama alinikata kwa mkasi uleule aliokatia vitambaa. Nilifika usichana mkubwa bila kuwahi kushika chanuo kwa ajili yangu mwenyewe. Kwa hiyo wewe ulipoota nywele, nilikuosha kama nilivyojiosha mimi kipara: sabuni ya mche, kucha, na maji ya kumwagia.

Sasa maji yenyewe ndiyo haya ya Nzuguni, ya kisima kirefu. Chai yake ina chumvi hata kabla hujaitia kitu. Birika letu ndani lina ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Sabuni haitoi povu upesi, kwa hiyo unaongeza sabuni. Bado haitoi, unaongeza tena. Nilikusugua hivyo kwa miezi mingi. Nywele zako zikawa ngumu kama katani. Chanuo likavunjika meno. Ukawa ukisikia beseni linagusa sakafu unaingia chini ya kitanda, na mimi nakuvuta mguu, wote wawili tunalia.

Nikadhani kosa ni sabuni, nikanunua shampuu. Povu likaja kidogo, nikafurahi. Lakini zilipokauka zilikuwa kama nyasi za mwezi wa tisa, na kila nikichana, vipande vinabaki begani kwako.

Halafu ukaja ule weupe. Vumbi fulani jeupe lililoshika kwenye nywele, hasa kisogoni. Mwalimu wako wa chekechea aliniita getini, wazazi wengine wakiwa wamesimama.

"Mama Mariamu, huyu ana mapunye. Anyolewe, apakwe dawa, ndipo arudi. Nina watoto wa watu humu."

Mzazi mmoja akamvuta mwanawe kwa upande. Wewe ukaniuliza kwa sauti, "Mama, mapunye ni nini?" Nilikubeba mgongoni ingawa ulikuwa umeshakuwa mzito, ili watu wasikione kichwa chako, nikaenda nawe nyumbani na kukuosha tena, kwa sabuni nyingi zaidi, maana nilijua mtoto mwenye mapunye ni mtoto mchafu, na mtoto mchafu ana mama mvivu. Ndivyo nilivyofikiri. Weupe ukazidi.

Kitu ninachotamani ningekifanya siku ile ni kumwambia mwalimu, "Nimekusikia, acha kwanza nimpeleke zahanati." Kwa heshima tu, bila ugomvi. Badala yake nilikubali mbele ya watu jambo ambalo sikulijua, kwa sababu ya haya. Zahanati nilikwenda baadaye, na muuguzi alikugeuza kichwa dirishani akasema, "Mapunye yako wapi hapa? Ngozi ni nzima kabisa. Weupe huu umeshika nywele, haujatoka kwenye ngozi. Unamwosha na nini?"

Nilipomwambia, akaguna tu, akaita mtu mwingine. Foleni ilikuwa ndefu.

Jibu nililipata darasani. Mwalimu wetu wa kemia wa jioni alileta chupa mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji ya bomba la huku kwetu, yaleyale ya kisima kirefu. Akakwangulia sabuni kidogo kwenye kila moja, akazitikisa. Ya mvua ikajaa povu hadi shingoni. Ya pili haikutoa povu, ikatoa uchafu mweupe, mzito, unaoelea juu na kushika kioo. Akaeleza kwamba maji magumu yanaishika sabuni na kuigeuza kuwa utando ule mweupe, na ukiongeza sabuni unaongeza utando.

Mariamu, nilisimama. Nilisahau kabisa niko wapi. Nikasema, "Mwalimu, hicho ndicho kilichoko kichwani kwa mwanangu!"

Darasa zima likacheka. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mama Mariamu, mtihani hauulizi watoto."

Mwalimu akawaambia, "Acheni kucheka. Huyu amejibu swali ambalo sijauliza bado."

Sijawahi kujisikia vile shuleni. Habari za maji magumu nilikuwa nazikariri tangu zamani, zote, na mfano wa birika nikiujua. Sikuwahi kufikiri kwamba birika la nyumbani kwetu na kichwa cha mwanangu vilikuwa ndani ya somo lile.

Baada ya kipindi, mwenzangu Rehema akanifuata nje. Rehema alikuwa anasoma jioni na mchana anafanya kazi saluni huko Ipagala. Alikukuta umelala kwenye kanga yangu nyuma ya darasa, akazishika nywele zako, akazivuta, akaziachia.

"Mdogo wangu, achana na sabuni. Na hiyo shampuu iweke pembeni. Huyu mwoshe na kondishena."

"Kondishena? Hiyo si ya kumalizia?"

"Ya kumalizia ni kwa wenye nywele za mafuta. Hizi ni kavu, zimejikunja, mafuta ya ngozi hayafiki hata nusu ya safari. Hizi zinaanza na kondishena na kuishia na kondishena."

"Na uchafu utatoka?"

"Utatoka kwa vidole. Lowesha vizuri, mpake nyingi bila uchoyo, bonyeza ngozi kwa ncha za vidole, taratibu, kichwa kizima. Usikune. Chana ikiwa bado imo kichwani, anza nchani kwenda juu. Halafu suuza mpaka maji yatoke safi kabisa, hapo ndipo wengi wanakosea, wanaacha nyingine ndani. Na kama una maji ya mvua, ya mwisho yawe hayo."

Nilifanya hivyo Jumamosi. Mama yangu alisimama mlangoni ameshika kiuno. "Bila povu? Hiyo ni kupaka, siyo kuosha."

Hata mimi niliogopa. Unapozoea povu, unaona bila povu hujafanya kazi. Lakini chanuo lilipita. Lilianza nchani, likapanda, mafundo yakaachia moja moja, na wewe ulikuwa umekaa kimya unachezea kopo. Hukulia. Nikadhani umelala, nikakuinamia kukutazama, ukaniuliza kama tumemaliza. Zilipokauka nikamwita mama yangu nikamwambia, "Nusa."

Akanusa. "Mh. Inanuka mtoto," akasema, akaondoka zake.

Weupe haukutoka wote siku ile, ulitoka kidogo kidogo, na wala haukurudi. Ulirudi chekechea na nywele zako. Mwalimu alikushika kichwa, akakigeuza huku na huku, akasema, "Haya, pita." Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari zote za sabuni na chokaa, hakuniuliza. Nikaondoka nikitabasamu barabarani peke yangu kama mwehu.

Sasa nikuambie kosa langu la pili, ambalo lilitokana na furaha. Nilianza kumhubiria kila mtu. Majirani wakawa wakiniona wanafunga kanga vichwani. Nikamshawishi mama yangu, nikamwosha kwa kondishena vilevile. Yeye nywele zake ni kavu kama zako za kisogoni, nikawa na hakika. Lakini mama yangu anapaka mafuta mazito ya mgando kila siku ya Mungu, na kondishena peke yake haikuyatoa. Ikapanda juu yake. Vumbi la hapa likashika juu ya vyote viwili, na haikupita wiki akawa anajikuna kwa mpini wa mwiko.

"Kemia yako imenivamia," akasema.

Rehema alinicheka sana. Akaniambia mama apigwe shampuu kidogo kwanza ili mafuta yatoke, kisha kondishena, na kama anataka kuoshwa kwa kondishena tu, aache mafuta mazito. Akaniambia pia kwamba hata wewe, kila baada ya muda, hasa upepo wa vumbi ukizidi, unahitaji shampuu laini mara moja, halafu unarudi kwenye utaratibu wako. Na mtu mwenye mba au kidonda cha kweli kichwani asidanganywe na kondishena, aende zahanati. Nilikuwa nimepata jibu la kichwa kimoja nikadhani nimepata la vichwa vyote. Ukikua, Mariamu, utapata majibu mengi mazuri. Furahi nayo, lakini kabla hujamwagia mtu mwingine, mshike kwanza nywele zake.

Leo mchana nilitandika mkeka uani, nikaweka beseni juani maji yapate joto, maana upepo huu wa mwezi wa saba una baridi. Nilitoa dumu la mwisho la maji ya mvua niliyoweka tangu masika. Nilitaka kukuosha mbele ya Bibi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia asikunyoe, lakini nilikuwa na matumaini kwamba akiona, ataona.

Alikuja na kigoda chake akakaa. "Hebu nionyesheni hiyo kondishena yenu." Halafu akanitazama mimi. "Na wewe si shuleni watakunyoa?"

"Ndiyo, mama. Nikiripoti tu."

"Basi nyumba hii mmebadilishana vichwa! Mwanafunzi mkubwa kipara, mtoto anafuga."

Tukacheka wote. Nilikulowesha, nikakupaka, nikaanza kubonyeza. Hapo wewe ukasema, "Bibi, njoo wewe."

Bibi akasita. Akakunja mikono ya dera lake, akapiga magoti nyuma yako, akaingiza vidole, na akaanza kukuna kwa nguvu kama anasugua sufuria. Wewe hukulia wala hukukimbia. Ulinyoosha mkono nyuma, ukakamata kidole chake, ukakileta mbele na kukibonyeza kwenye paji la uso wako.

"Usikune, Bibi. Bonyeza. Hivi. Taratibu."

Bibi akanitazama. "Nani kamfundisha?"

"Hajafundishwa na mtu, mama. Ni kichwa chake."

Akarudi kichwani, akabonyeza. Ukamwambia, "Na huku." Akaenda huku. "Na nyuma ya sikio." Akaenda nyuma ya sikio. Mwanangu, nimefaulu mtihani, nimeliona jina langu likiwa limepangiwa shule, lakini sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna nikikusikia unamwelekeza mtu mzima kwa upole namna ile, bila kumdharau na bila kumwogopa. Mimi getini nilishindwa kusema sentensi moja. Wewe bado mdogo hivyo, ulisema.

Alipofika kwenye kuchana, mizunguko ya juu ikajitokeza mmoja mmoja, inang'aa. Bibi akauzungusha mmoja kwenye kidole chake, akauachia, akautazama unavyoruka. Kisha akavua mtandio wake. "Na mimi nioshe."

Nilimwonya. Nywele zake ni singa nyembamba zenye hina, na ngozi yake ina mafuta ya asili. "Mama, kwako hii itazilaza. Zako zinataka shampuu, na hii kidogo tu nchani."

"Wewe nioshe. Nimetoka Kondoa nikatazame?"

Nikamwosha kama alivyotaka. Zilipokauka akajipapasa kichwani, akanusa kiganja, akasema, "Mbona kama nimepakwa samli?"

Ulicheka mpaka ukalala kwenye mkeka. Nikamwosha tena, kwa shampuu mara hii, nikamgusa nchani kwa tone la kondishena, na zilipokauka zilikuwa nyepesi, zinapeperuka. Akajitazama kwenye kioo cha mama yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Kwa hiyo mimi shampuu, mjukuu kondishena, na mama mtu wembe," akasema.

"Ndiyo hivyo, mama."

Jioni hii baada ya swala amepanga mizigo. Nimekuwa nikiandika hapa mezani huku namtazama. Nguo zako ameziweka kwenye begi lako. Chupa ya kondishena ameifunga kwa mfuko wa plastiki isimwagike njiani, akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe, ule anaoushika kwapani. Kuhusu mkasi hakusema neno, na mimi sikumuuliza.

Nimemwambia jambo moja tu. Yote ninayoyajua kuhusu kichwa chako nimeyajua kwa maji ya chumvi. Yeye anasema maji ya chemchemi yao ni matamu, sabuni inatoa povu mpaka unachoka kusuuza. Kwa hiyo huko sijui nywele zako zitafanyaje. Huenda zikataka kondishena kidogo kuliko hapa. Huenda shampuu isiziumize kama ilivyoziumiza hapa. Zikilegea na kuteleza, zimeshiba. Zikikauka na kukatika, zina njaa. Zaidi ya hapo mimi sijui, na sikuona aibu kumwambia kwamba sijui.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko juu ya mkoba. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, "Na hii ikiisha, ninunue ya namna gani?"

Nilimwambia akuulize wewe.

Mama yako,
anayekwenda shule.